Likizo ya familia Tukuyu: Tupumzike bila kupoteza sala wala kuingia deni

KATIKA nyumba nyingi za ukanda wetu wa Kyela, kuanzia Talatala hadi Ipinda na Matema, ni nadra familia nzima kupanda gari moja isipokuwa kwa msiba. Baba husafiri kwa biashara peke yake. Mama husafiri kwenda kumuuguza ndugu. Watoto hubaki na bibi yao. Siku ikipigwa simu ya msiba ndipo wote hukusanyika kituoni, baba, mama na watoto, na safari yenyewe huwa ya majonzi. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuwa amekwishafika Tukuyu mara tano, na mara zote tano akaketi kwenye jamvi la matanga.

Likizo ya mwezi Juni inakaribia. Mpunga umeanza kuingia ghalani, shule zinafungwa, na joto la bondeni linapungua kidogo. Tumeona vema wiki hii, katika ukurasa huu wa familia, tuzungumze na ndugu wasomaji kuhusu jambo ambalo wengi wetu hulidhani kuwa ni anasa ya watu wa mjini au ya wageni wenye kamera: familia ya Kiislamu kwenda kupumzika siku tatu au nne katika mji wa mlimani. Tutazungumzia Tukuyu kwa sababu ndiyo tunayoijua, lakini msomaji wa Tanga anaweza kuweka Lushoto mahali pake na mengi yatamfaa.

Je, kupumzika ni katika dini?

Wapo watakaouliza swali hilo, na ni haki yao. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Ankabut aya ya 20, inatutaka tutembee katika ardhi na kutazama jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji. Ukumbusho huo haukuwekewa sharti la utajiri. Katika hadithi mashuhuri ya Salman na Abu Dardaa (R.A.), Salman alimkuta ndugu yake amezama katika kufunga na kusimama usiku hata mkewe amekata tamaa naye, akamkumbusha kwamba Mola ana haki, nafsi ina haki, na mke pia ana haki, basi kila mwenye haki apewe haki yake. Mtume (S.A.W.) alimsadikisha Salman. Aidha, imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.) wakiwa safarini.

Watu wa Makka nao tangu zamani walikuwa wakipanda Taif wakati wa kiangazi kukimbia joto, kwa kuwa mji ule uko juu milimani na una bustani na maji. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Nyasa tunayo Taif yetu, na tunaitazama kila asubuhi. Uso wa ziwa letu uko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, ilhali Tukuyu iko takriban mita 1,500, na kilele cha Mlima Rungwe kinakaribia mita 3,000. Kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, hewa hupoa kwa kiasi cha nyuzi sita hivi. Ndiyo kusema kwamba nauli ya kosta na muda usiofika nusu siku vinatosha kumtoa mtu katika joto la kulowesha shati na kumfikisha mahali anapoomba blanketi la pili.

Safari yetu ya kwanza iliharibika

Hatuandiki haya kama watu waliobobea. Safari ya kwanza ya nyumba yetu kwenda Tukuyu kwa mapumziko iliharibika, na kosa lilikuwa letu. Tulikuwa na siku mbili tu, nasi tukataka kuona kila kitu: Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu, Kijungu, maporomoko ya Kaporogwe, na Ziwa Masoko. Mwenye kuujua ukanda ule ataelewa upesi. Ngozi iko kaskazini, kandokando ya barabara ya Mbeya. Kaporogwe iko kusini. Masoko iko upande wake. Tukawa watu wa kupanda na kushuka magari.

Watoto wawili walitapika kwenye kona. Njia ya kupanda Ngozi, ambayo ni ya msituni na yenye mwinuko mkali hasa karibu na ukingo wa juu, ilituchukua muda mrefu kuliko tulivyokadiria, maana tulikuwa na mtoto wa kubebwa. Tulipokuwa tunashuka, wakati wa Alasiri ulikuwa unayoyoma, na tulipofika mahali penye maji, jua lilikuwa limekwishazama. Tuliilipa sala hiyo baada ya kuingia Magharibi, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe. Ni aibu kwa mtu anayebandika ratiba ya sala ukutani mwa msikiti kukosa sala kwa ajili ya matembezi.

Si hilo tu. Kwa kuhofia gharama na nyama isiyo halali, tulikuwa tumebeba jiko, sufuria, mchele na mafuta. Kila tuliporudi chumbani tukiwa hoi, sisi wanaume na watoto tulijinyoosha, na mama watoto akakoka moto. Tuliporejea Kyela tulimuuliza ameionaje safari. Akajibu, "Mmenihamishia jiko mlimani. Kupumzika, mmepumzika nyinyi."

Neno hilo lilituketisha chini. Yote yanayofuata hapa yametokana nalo.

Mipango huanza na kibubu

Jambo la kwanza ni fedha, na hapa tuseme wazi. Likizo haifai kugharamiwa kwa mkopo wa riba, uwe wa taasisi, wa mtu binafsi, au wa kikundi kinachotoza nyongeza. Mapumziko ni jambo la hiari na riba ni haramu. Hakuna dharura yoyote ya kumpeleka mtu huko. Asiyekuwa na uwezo mwaka huu asubiri mwakani, na watoto waambiwe ukweli huo bila kuona haya.

Nyumba yetu iliweka kibubu sebuleni, watoto wakikiona. Kila wiki iliingia shilingi 5,000, na baada ya wiki 40 zilikuwa shilingi 200,000. Watoto nao waliongeza sarafu zao. Fedha hizo tulizigawa mafungu manne kabla ya kuondoka: nauli, malazi, chakula, na fungu la dharura ambalo halikuguswa hadi tulipofika nyumbani. Safari ikazidi kufupishwa ili ienee katika fedha, wala hatukuzitafutia fedha safari. Waliozoea kujenga nyumba watakubali kwamba ramani hufuata mfuko.

Jambo la pili ni siku. Tunapendekeza kuondoka Jumamosi na kurudi Jumanne, ili Ijumaa isiwakute njiani. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, anayewajibikiwa na Ijumaa hatakiwi kuanza safari baada ya alfajiri ya siku hiyo iwapo safari hiyo itamkosesha sala ya Ijumaa.

Jambo la tatu ni malazi. Nyumba za wageni Tukuyu ni nyingi, lakini baadhi zina baa chini ya madirisha ya vyumba. Piga simu mapema, au mwombe Mwislamu mwenyeji akakuangalilie. Uliza mambo manne: kuna baa? Kuna maji ya moto asubuhi? Blanketi ni ngapi kwa kitanda? Je, wanapika chakula, na nyama yao imechinjwa na nani?

Njiani: takbira ya kupanda

Barabara ya kutoka Kyela kwenda Tukuyu hupita kwanza katika mashamba ya mpunga na minazi, kisha mikakao na migomba, halafu ghafla huanza kupinda na kupanda hadi kwenye mashamba ya chai. Mtoto anayetapika akae mbele au karibu na dirisha, na asishibe sana kabla ya safari. Sweta liwe mkononi, si kwenye begi lililofungwa juu ya gari.

Baada ya dua ya safari, iko sunna ambayo sisi watu wa bondeni huisahau kwa kuwa ardhi yetu ni tambarare. Imepokewa kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba Masahaba walipokuwa wakipanda mwinuko walileta takbira, na walipokuwa wakishuka walileta tasbihi. Hakuna barabara inayofundisha sunna hii vizuri kama hiyo yetu. Watoto wetu waliileta kwa sauti ya chini katika kila mwinuko wakihesabu kwa vidole, na hata kutapika kulipungua.

Sala za safari: tuwe waangalifu

Hapa wengi hukosea. Mtu akisikia "safari" huanza kupunguza sala. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii, safari ya kupunguza na kukusanya sala ni ile inayofikia maili 48 za kale, ambazo wanazuoni wa zama hizi huzikadiria kuwa kilomita 80 na zaidi kidogo kwa njia ya kwenda peke yake. Kutoka Kyela hadi Tukuyu hapafiki umbali huo. Kwa hiyo mtu wa Kyela aliyekwenda Tukuyu na kurudi husali rakaa zake kamili, kila sala kwa wakati wake. Anayetoka Kyela kwenda mjini Mbeya huwa amevuka umbali huo, na anayekuja kutoka Dar es Salaam hana shaka kabisa. Huyu naye akumbuke kwamba akinuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, anakuwa na hukumu ya mkazi. Wapo wanazuoni wenye kauli nyingine kuhusu umbali na muda. Mwenye shaka amuulize imamu wake kabla hajafunga begi.

Kwa kuwa kila sala ina wakati wake, ratiba ya matembezi ndiyo ifuate sala. Huku kwetu magharibi mwa nchi, mwezi Juni Adhuhuri huingia mnamo saa saba kasoro robo mchana. Mpango wetu wa safari ya pili ulikuwa mwepesi: kutoka baada ya kifungua kinywa, kuona kitu kimoja, na kuwa tumerudi kabla ya Adhuhuri. Mchana ulikuwa wa kusali, kula, kulala, na kuketi barazani. Magharibi na Isha tulizisali msikitini mjini, ambako wenyeji walitupokea kama ndugu.

Kuna jambo moja Tukuyu lililowafurahisha watoto. Mlima Rungwe uko kaskazini mwa mji, na Makka kwa hapa petu iko kaskazini ikielekea mashariki kidogo. Mwenye kusimama uani Tukuyu kutafuta Kibla hana haja ya dira. Autazame mlima, kisha ageuke kidogo kuliani.

Maji baridi na udhu

Maji ya Tukuyu alfajiri ya Juni ni baridi kwelikweli. Imekuja katika hadithi sahihi kwamba kukamilisha udhu wakati wa tabu ni katika mambo ambayo Mwenyezi Mungu hufutia kwayo madhambi na kuinulia daraja. Lakini hakuna fadhila katika kumtesa mtoto au mzee kwa makusudi ilhali birika lipo. Chemsheni maji. Tayamamu si ya kila anayeona baridi. Ni ya anayehofia madhara kwa kutumia maji naye hana njia ya kuyapasha moto.

Iko pia ruhusa ya kupaka maji juu ya khofu, yaani soksi za ngozi, kwa aliyezivaa akiwa na udhu uliokamilika. Mkazi hupaka kwa muda wa mchana na usiku wake, na msafiri kwa michana mitatu na siku zake. Soksi nyembamba za kawaida hazitoshi kwa madhehebu yetu.

Chakula, majirani na ndugu

Rungwe ni nchi ya ndizi, viazi mviringo, maharage, maziwa, maparachichi na chai. Mtu anaweza kukaa siku nne bila kugusa nyama na asihisi upungufu; mbalaga ya ndizi na maharage pamoja na kikombe cha chai ya maziwa ni mlo kamili. Kwa nyama, ulizeni kwa adabu. Kitimoto huuzwa waziwazi katika migahawa mingi, na mara nyingine kikaango ni kimoja. Waislamu wenyeji watakuelekezeni bucha na mama ntilie wanaoaminika.

Mazoea ya kubeba jiko tuliyaacha. Katika safari ya pili tulikubaliana kwamba mama watoto hatapika hata mlo mmoja. Milo miwili tulinunua, na kifungua kinywa tuliandaa sisi na vijana. Ugali wa siku moja uliochomwa na baba ni afadhali kuliko likizo ambayo nusu ya familia haikuiona.

Wengi wetu tuna ndugu Rungwe, na wengi wa ndugu hao ni Wakristo. Tengeni jioni moja ya kuwatembelea, na msiende mikono mitupu. Mchele wa Kyela na usipa wakavu hupokewa kwa furaha kubwa kule juu. Kuunga udugu hakusubiri msiba. Mzee mmoja wa ukoo wetu alipotuona mlangoni alishtuka na kuuliza, "Nani amefariki?" Tulipomwambia kwamba hakuna, tumekuja kumwamkia tu, alinyamaza kwa muda, kisha akaagiza kuku, naye akamwita jirani Mwislamu aje kumchinja.

Kitu kimoja kwa siku

Ni vitu gani vya kuona? Kwa familia yenye watoto wadogo tunapendekeza Daraja la Mungu na Kijungu katika Mto Kiwira, kwa kuwa viko karibu. Daraja ni la mwamba wa volkano lililojiumba lenyewe juu ya mto. Kijungu ni mahali ambapo mto mzima hutumbukia katika shimo la mwamba. Watoto washikwe mikono, maana mawe huteleza. Wenye vijana wenye nguvu waende Ngozi, ambalo ni ziwa katika kreta ya volkano lililozungukwa na msitu. Mpate mwongozaji, na muanze asubuhi mapema. Siku nyingine ni Kaporogwe, ambako nyuma ya pazia la maji kuna pango, au Ziwa Masoko, mahali palipokuwa na kambi ya Wajerumani.

Mji wenyewe unatosha kwa nusu siku. Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, baada ya makao yao ya awali, Langenburg, yaliyokuwa ufukweni mwa ziwa letu. Wenye watoto wanaopenda wanyama wawasimulie kuhusu kipunji, nyani wa misitu ya Rungwe na Livingstone, ambaye wataalamu walimtangaza kwa ulimwengu mwaka 2005 ingawa wawindaji wa vijiji vile walikuwa wakimfahamu. Kitulo, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka huohuo, ni nzuri mno, lakini maua yake huchanua wakati wa mvua, si Juni. Iacheni kwa mwaka mwingine.

Siku ya mvua

Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, na hata Juni haiaminiki. Siku ya tatu ya safari yetu ya pili mvua ilianza alfajiri wala haikukatika. Hatukwenda popote. Mama watoto alijifunika blanketi akanywa chai kikombe baada ya kikombe. Wadogo walilala. Tukabaki barazani na kijana wetu wa kwanza, wa kidato cha pili, tukitazama maji yakitiririka kwenye migomba.

Tulikaa kimya kiasi cha saa nzima. Kisha akasema, bila kuulizwa, kwamba kwa miezi minne alikuwa hafiki madrasa. Alikuwa akiaga nyumbani na kwenda kuketi ziwani hadi wenzake watoke. Wenzake walikuwa wamemwacha mbali katika kusoma Qur'ani, watoto wa miaka tisa wakawa wanamsahihisha, naye akaona haya.

Ndugu msomaji, daftari la mahudhurio ya madrasa ile hukaa katika kabati la ofisi ya kamati yetu, nasi ndio tunaolitunza. Majina ya watoto wa watu tulikuwa tukiyafuatilia na kuwaita wazazi wao. Jina la wa kwetu tulilipita, kwa kudhani kwamba mtoto wa nyumba ile hawezi kukosa.

Hatukumgombeza. Tulikuwa mbali na nyumbani, hapakuwa na mgeni wa kubisha hodi wala simu ya kikao, na ilikuwa vigumu kupata kisingizio cha kuinuka. Tulimuuliza anaanza kukwama wapi, akatuonyesha. Baada ya Adhuhuri tukasoma naye sura mbili fupi, taratibu. Tuliporudi, ustadhi alikubali kumfundisha peke yake baada ya Isha. Bado anasoma polepole, lakini anasoma.

Tunajiuliza: iwapo mvua isingenyesha, na iwapo siku ile tungekuwa tumeijaza vivutio vitatu kama safari ya kwanza, angesema lini?

Neno la mwisho

Kwa hiyo tunawausia wazazi wenzetu: anzeni kibubu sasa, hata kama safari ni ya mwakani. Chagueni mji mmoja na muukae. Panga kitu kimoja kwa siku, na siku moja msipange kitu. Sala itangulie, mama apumzike, deni lisiwepo. Mkishuka kurudi bondeni, leteni tasbihi katika kila mteremko, na usiku huohuo mfunge vyandarua vyenu, maana mbu wa ziwani hawakwenda likizo.

Wabillahi tawfiiq.